Fundi, injini ya pikipiki ya marehemu baba niipake tena rangi au niiache?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu alikuwa bwana shamba, ametuachia Honda CG125 ya miaka ya 80, ilikaa stoo zaidi ya miaka kumi chini ya magunia, sasa nimeitoa nataka irudi kama alivyokuwa anaiendesha. Fundi wa mtaani aliisafisha juu juu akapuliza siliva injini nzima, siku ile ilipendeza kweli, tukaiwasha, wiki haijaisha rangi ya kwenye silinda ikageuka njano alafu ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, na kwa chini oili inavuja. Wengine wananiambia niloweke vyuma kwenye kostiki soda rangi itoke yote, wengine wanasema nikapigishe mchanga, yaani upulizwe kwa upepo mkali uchubue rangi. Nifanyeje? Kingine, kava la kushoto pale kwenye gia limelika, chuma kimebaki cheupe, hapo nilimkatalia asipulize ila anasisitiza alizibe. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba. Kwanza kabisa kostiki soda usiiguse, nakuomba. Krenkesi, yaani boksi la chini la injini, na makava yake ni aluminiamu, na kostiki inakula aluminiamu, utaona inachemka povu ukadhani inasafisha kumbe chuma chako ndo kinaisha, ukija kukitoa kimekuwa cheusi kina vishimo na uso wa gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma, umeharibika, hapo haitazibika tena. Maji ya betri nayo hivyohivyo, wapo mafundi wanayatumia, usikubali. Mchanga unafaa kwa fremu na rimu. Kwenye injini iliyofungwa mchanga utapita tu, hata uzibe vipi, na punje moja ikifika kwenye beringi ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, umeiua.

Rangi yako ilibanduka kwa sababu ilikaa juu ya oili, na ilikuwa rangi ya kawaida ya bodi ambayo joto la silinda haiwezi. Kwa hiyo anza na kuvuja, rangi baadaye sana. Shusha injini, ifungue, badilisha gasketi na oili sili zote hata zile zinazoonekana nzima, manake mpira uliokaa miaka kumi mkavu umeshakuwa kama plastiki. Skrubu za makava ya Honda za kipindi kile zinaharibika vichwa haraka sana, tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, usilazimishe kwa mkono.

Na hapa una bahati ambayo mwenye pikipiki nyingine ya umri huo hana. CG125 ilitoka mwaka 1976, Honda waliifanya iwe ya valvu za kusukumwa na pushirodi, yaani vijiti vya chuma, ili ivumilie nchi ambazo pikipiki inapigwa kazi na matunzo ni kidogo, ikavumilia kweli, mpaka Wachina wakaichukua injini ileile na leo bodaboda nyingi unazoziona stendi zimetokana nayo. Pistoni ni milimita 56.5, mwendo wake 49.5, na bodaboda kibao za 125 ziko hivyohivyo. Nenda dukani na pistoni yako ya zamani mkononi, linganisha kipenyo, pini, na urefu kutoka pini mpaka juu, usinunue kwa kutajiwa jina tu. Krenkesi ya baba itunze maana ndo yenye namba ya injini iliyo kwenye kadi, na hiyo namba isipigwe msasa wala isizibwe na rangi nzito.

Sasa kusafisha. Hapa ndipo utamaliza siku mbili na usione uvivu. Rangi ile mbovu itoe kwa dawa ya kutolea rangi ambayo kwenye kopo wameandika inafaa aluminiamu, vaa glavu, fanyia nje penye upepo. Alafu mafuta ya taa na brashi, ingia kati ya mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya kupoza, moja moja kwa mswaki wa zamani, kisha sabuni ya unga na maji ya moto. Penye ugumu tumia brashi ya waya wa shaba, ile ya chuma inachora. Ukimaliza mwagia maji safi uangalie: yakijikunja vidonge vidonge bado kuna oili, yakitanda sawasawa umefika. Kausha, kisha kiweke chuma juani mpaka kipate moto, utaona aluminiamu ya zamani inatoa jasho la oili lililokuwa limejificha ndani ya vitundu vyake, lifute kwa tinna na kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Mimi nimewahi kuruka hiyo hatua ya jua kwenye injini ya mteja, rangi ikainuka malengelenge pembeni ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na nikairudia kazi yote bure.

Rangi nunua ya kuhimili joto. Praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya kushikia, usiweke chini yake, itaungua yenyewe na kuibandua rangi ya juu. Ziba nyuso za gasketi, tundu la plagi, tundu la kupumulia, na pale injini inaposhikana na fremu acha chuma kitupu, pale ndo ethi, njia ya umeme kurudi betri, inapita, ukipaka pakaenea utahangaika na taa zinazofifia. Puliza nyembamba, mara mbili tatu, hasa kwenye mapezi, kwa sababu rangi nene ni blanketi. Kisha rangi hizi hazikomai mpaka zipate moto: soma kopo linataka nyuzi ngapi na dakika ngapi, kama huna oveni isiyopikiwa chakula basi ukishafunga injini iwashe dakika kumi, zima ipoe kabisa, iwashe ishirini, zima ipoe, ndo uanze kutembea. Kabla ya kuwasha pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.08 zote mbili.

Kuhusu kava la kushoto, mwambie fundi aliache. Hapo ni kiatu cha baba yako kilipopita kila alipopiga gia akienda kwa wakulima, miaka na miaka. Lioshe, lipitishe kitambaa chenye oili kidogo lisipauke, lifunge kama lilivyo.

SWALI: Nina Vespa ya zamani, silinda imeota kutu kwa hewa ya bahari. Nikiipaka nyeusi si itazidi kupata moto? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hapana, nyeusi nyembamba ya kuhimili joto haina shida, nyeusi inatoa joto vizuri tu. Weka sumaku kwenye silinda, ikishika ni chuma, ndo maana ina kutu, isugue mpaka iwe nyeupe uipake siku hiyohiyo, ukiilaza usiku mmoja tu kwa hewa ya huko asubuhi ina kutu tena. Ila lile kava la feni linalofunika silinda usilitoe ili rangi ionekane. Injini ya Vespa imejificha, upepo wa njiani hauifikii, inapozwa na feni, na bila kava upepo wa feni unaishia pembeni na pistoni inakwama.