Kidhibiti vifurushi bila haki za msimamizi

SWALI: Ninatumia seva ya Linux ya pamoja kazini. Kila ninapoandika sudo apt install, yaani amri ya kusakinisha programu kwa haki za msimamizi, ninajibiwa kwamba sina ruhusa, nami nahitaji toleo jipya la lugha ya programu Python pamoja na Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Je, ninaweza kujisakinishia kidhibiti vifurushi changu (programu inayosakinisha programu nyingine), au nitakuwa ninavunja utaratibu?

JIBU: Ndugu msomaji, seva haikukatazi kusakinisha programu, inachokukataza ni kuandika katika makabrasha ya mfumo kama /usr, ambamo apt huweka vifurushi kwa ajili ya watumiaji wote. Kabrasha lako la nyumbani ni mali yako, na kidhibiti kinachoishi humo hakimgusi mwingine. Hata hivyo, soma kwanza kanuni za seva yenu, kwa kuwa ruhusa ya mashine na ruhusa ya mwajiri ni vitu viwili.

Ugumu haumo katika kunakili faili. Programu nyingi, zinapojengwa, huandikiwa ndani yake anwani ya mahali zitakapokaa, na ukizihamisha hushindwa kuzipata maktaba zake, yaani faili za msimbo ambazo programu huzitegemea. Ndiyo maana Homebrew, mojawapo ya vidhibiti hivyo, ambayo unaweza kabisa kuifungua katika kabrasha lolote, hukusumbua ukifanya hivyo: vifurushi vyake vingi vilivyokwisha kujengwa vimekusudiwa anwani rasmi, ambayo kwa Linux ni /home/linuxbrew/.linuxbrew, na nje ya hapo hulazimika kujengwa upya kutoka msimbo chanzo, kazi inayoweza kula saa nyingi.

Conda, kidhibiti kingine, imelitatua jambo hili kwa njia ninayoiona ya busara zaidi: kifurushi huja na anwani ya bandia, ndefu makusudi, ambayo wakati wa kusakinisha hubadilishwa kwa anwani halisi ya kabrasha lako. Kwa hiyo ningekushauri upakue kisakinishi cha Miniforge, ambacho huja na Conda ndani yake, ukiendeshe kwa bash bila sudo, na ukubali kabrasha linalopendekezwa, yaani ~/miniforge3. Kisha unda mazingira ya kazi yako, yaani kabrasha lililotengwa lenye programu zake, kwa amri hii:

~/miniforge3/bin/conda create -n kazi python git

Ukitaka kuyatumia kwa jina fupi, endesha conda init kutoka kabrasha hilohilo la bin, fungua terminali upya, na uandike conda activate kazi. Usilihamishe kabrasha hilo baadaye, kwa sababu anwani zilizokwisha kuandikwa hazitalifuata.

Angalia pia nafasi uliyotengewa. Vifurushi vilivyopakuliwa hubaki kwenye hifadhi ya muda, na conda clean --all huviondoa. Ikiwa kila programu mpya inagoma kwa madai ya kukosa ruhusa ingawa ruhusa za faili ziko sawa, andika findmnt -T ~ na utafute neno noexec: likiwapo, msimamizi amezuia programu kuendeshwa kutoka makabrasha ya nyumbani, na hapo dawa ni kumwomba akuonyeshe mahali pengine.

Kumbuka kwamba kidhibiti hiki hakikuongezei mamlaka yoyote. Moduli ya kernel (kiini cha mfumo), huduma inayowaka pamoja na seva nzima, au poti (namba ya mlango wa mtandao) iliyo chini ya 1024 ambayo kwa kawaida huhitaji haki za juu, vyote bado ni vya kumpelekea msimamizi. Python na Git si miongoni mwake.