Soma majibu yaliyokosewa kabla ya kupiga wastani

Shule nyingi hazina upungufu wa takwimu za wanafunzi. Mtihani unasahihishwa, alama zinajumlishwa, nafasi zinapangwa toka wa kwanza hadi wa mwisho, matokeo yanabandikwa ukutani, na Jumatatu mada mpya inaanza kana kwamba hakuna kilichogunduliwa. Nimefundisha hisabati na pia nimesimamia taaluma, na kwa walimu wenzangu nina ushauri mmoja tu: msianze na jumla ya alama, anzeni na swali mojamoja.

Wastani unaficha mengi. Darasa la wanafunzi 40 lenye wastani wa 50 huenda karibu wote wamepata alama zilizo karibu na hamsini. Huenda pia nusu wamepata 80 na nusu 20. Hayo ni madarasa mawili tofauti kabisa, na hakuna somo moja linaloyafaa yote.

Ninachofanya ni kuchora jedwali: majina ubavuni, namba za maswali juu. Aliyepata naweka tiki. Aliyekosa simwekei sifuri, naandika jibu lenyewe alilolitoa. Kazi inaongezeka kidogo, lakini faida yote imo humo. Kisha nasoma jedwali kutoka juu kwenda chini, swali kwa swali.

Chukua 503 kutoa 278. Jibu ni 225. Sasa tazama wawili waliokosa, mmoja kaandika 375 na mwingine 325. Wa kwanza hakubahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Wa pili anajua kukopa, ila baada ya kukopa kwenye mamia hakuipunguza ile 5. Kwenye orodha ya alama wote wana sifuri. Darasani, huyu wa pili anahitaji dakika chache na mazoea ya kuandika badiliko juu ya tarakimu. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye vijiti, afungue fungu la mia kuwa makumi na la kumi kuwa mamoja kwa mikono yake. Ukiwarudishia wote somo lilelile la jana, mmoja atachoka na mwingine hatasaidika.

Hata jibu sahihi linaweza kukudanganya. Uliza ipi kubwa kati ya 0.8, 0.35 na 0.125. Anayechagua 0.125 anazisoma kama namba nzima: 125 inaizidi 35, nayo inaizidi 8. Lakini wapo wanaoamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa siku zote, na hao watachagua 0.8 na kupata tiki yako. Ongeza swali la 0.4 na 0.45, watajitokeza. Ndiyo maana napenda maswali ya kuchagua yaliyotungwa kwa makusudi, kila jibu la uongo likiwakilisha kosa linalofahamika. Kumbuka tu kwamba kwenye machaguo manne, wanafunzi 10 kati ya 40 wanaweza kupata kwa kubahatisha.

Nafasi zilizoachwa wazi nazo husema kitu. Zikijazana mwishoni mwa karatasi, pengine muda haukutosha. Ikiwa ni swali moja la katikati, wengi hawakujua hata pa kuanzia.

Na kuna wakati mkosaji ni swali. Mwaka 1939 Truman Kelley, mtaalamu wa takwimu za upimaji, alipendekeza kulinganisha asilimia 27 ya waliofanya vizuri zaidi na asilimia 27 ya waliofanya vibaya zaidi. Kwa darasa la 40 ni kama 11 kila upande. Swali likiwashinda wa juu na kupatwa na wa chini, lisome upya kabla ya kumlaumu yeyote. Mara nyingi lugha yake ina utata au ufunguo wa majibu umekosewa.

Kwa darasa la wanafunzi 80 sisemi uchore yote haya. Chagua maswali mawili ya mada iliyo muhimu, chukua karatasi kumi na tano hivi kutoka ngazi zote, utaona makosa makuu. Jaribio fupi la maswali matano lililosahihishwa siku hiyohiyo linanisaidia kuliko mtihani wa muhula, kwa sababu mada bado iko mikononi mwangu. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom, katika mfumo wa kujifunza hadi kumudu aliouandika mwaka 1968, alisisitiza kwamba wasioelewa wafundishwe kwa njia nyingine, kisha wapimwe tena. Upimaji huo wa pili ndio tunaouruka. Mimi nabadili namba tu: 604 kutoa 367. Yule aliyeandika 375 akileta 363, ile kanuni yake ya zamani bado ipo. Akileta 237, tunasonga.

Walimu wakuu, nanyi nina ombi. Kikaoni msiulize darasa la nani lina wastani mdogo. Mwalimu akihisi takwimu zake zitatumika kumwadhibu, muhula ujao ataleta takwimu nzuri, na hamtajua zimetoka wapi. Mwombeni kila mmoja alete swali moja lililowashinda wanafunzi wake, pamoja na yale majibu waliyoandika, na mezani mjadili atalifundishaje wiki hiyo.