Wazee Wakisuluhisha, Kesi ya Unajisi Imekwisha?

SWALI: Mhariri, binti wa marehemu ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 14, alinajisiwa na jirani mwezi uliopita. Wazee wanataka tumalize kwa maslaha, yaani mapatano ya kijadi nje ya mahakama, na jamaa za mwanamume huyo wameahidi kumlipia karo. Wanatuonya kwamba kesi ikishindwa mahakamani tutafungwa sisi kwa kumsingizia. Je, ni kweli?
Shangazi, Kilifi

JIBU: Shangazi, tunakupa pole wewe na binti yako. Onyo hilo si kweli, ingawa lina chanzo chake. Mswada wa Makosa ya Ngono ulipojadiliwa Bungeni mwaka 2006, mbunge mmoja alidai kwamba msichana husema hapana ilhali amekubali, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Sheria ilipopita, kifungu cha 38 kilimpa yeyote aliyetoa madai ya uongo adhabu sawa na ya kosa lenyewe, kana kwamba hatari kubwa kuliko zote ilikuwa ulimi wa mwanamke. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Kumdanganya polisi kwa makusudi bado ni kosa, lakini kesi kushindwa kwa upungufu wa ushahidi si uthibitisho kwamba mtoto alidanganya, na inatusikitisha kwamba kifungu kilichokufa bado kinatumiwa kuwanyamazisha walio hai.

Wazee tunawaheshimu, na migogoro ya mipaka na mirathi wameisuluhisha vyema, ila kosa hili halimo mikononi mwao. Anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa kwa muda usiopungua miaka 20, na hata familia ikikubali karo, uamuzi wa kusitisha mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wakiwauliza shahidi yuko wapi, jueni kwamba Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake.

Saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zimepita, lakini mpelekeni hospitali ya serikali apimwe virusi na ujauzito, kisha mripoti polisi na kuomba fomu ya P3, ile ya polisi ya ripoti ya uchunguzi wa kidaktari, ijazwe na daktari. Nguo alizovaa siku ile, kama hazijafuliwa, zifungeni katika karatasi, si plastiki, mwende nazo.