Mwalimu, mbona ua langu halishiki mbegu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Jirani aliyehama aliniachia mimea miwili inayokula wadudu, nimeiweka dirishani jikoni. Mmoja, Drosera capensis, wenye vinyweleo vyekundu vya matone, umejaza miche hadi kwenye chungu cha mnanaa. Wa pili ni Pinguicula moranensis, majani yake yanateleza kama yamepakwa siagi. Tangu mwaka jana umetoa maua 9 ya zambarau, yote yakadondoka bila mbegu. Nakosea wapi? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea. Ua la Drosera capensis hufunguka asubuhi, na likijifunga alasiri chavua yake yenyewe hugusa stigma, yaani sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua. Halimhitaji mtu.

Hilo la pili linamhitaji. Chungulia kooni mwake kwa tochi ya simu: juu utaona kijilimi kimening'inia kama pazia mlangoni. Hiyo ndiyo stigma, na chavua imejificha nyuma yake. Huko Meksiko lilikotoka, mdudu anayefuata nekta, yaani maji matamu yaliyo ndani ya kipembe kilicho nyuma ya ua, hugusa kwanza uso wa mbele wa pazia. Anapotoka hulisukuma, akabeba chavua hadi ua jingine. Jikoni kwako hakuna wa kuifanya kazi hiyo.

Ifanye wewe. Ua likishakaa siku 3 au 4, kata petali ya chini kwa kimkasi cha kucha ili uone vizuri. Chonga ncha ya kijiti cha meno iwe bapa, ipenyeze nyuma ya pazia, kwangua taratibu mpaka itoke na unga. Acha pazia lishuke, kisha paka unga ule kwenye uso wake wa mbele. Wa mbele, mwanangu! Mimi nilipaka nyuma msimu mzima, nikapoteza maua 11, na bado yananiuma. Ukipata ua la mmea mwingine, badilishana chavua; ndiyo njia ninayoipenda zaidi.

Ikikubali, kifundo kilicho nyuma ya ua kitavimba. Kikianza kukauka kiwekee karatasi, maana mbegu zake ni kama ugoro. Zinyunyize juu ya udongo, usizifukie.

Lakini kama unachotaka ni kupata miche tu ya huu wa pili, tumia majani. Subiri kiangazi, mmea ukishatoa yale majani madogo manene. Shika jani shinani, litikise kushoto na kulia hadi ling'oke na kitako chake cheupe. Likikatikia katikati, halifai. Lilaze juu ya mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na pumisi (jiwe jepesi la volkano), ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya mwezi hivi utaona vichipukizi.

Mwagilia maji ya mvua tu. Chumvi ya maji ya kisima huiua mimea hii taratibu. Mbolea usiiguse kabisa. Na usiung'oe mmea ukabaki mtupu: chukua majani 3 au 4 ya pembeni, ya katikati umwachie mama yao.