Muulize Mzee wa Sinema

SWALI: Shikamoo mzee. Nabishana na kaka yangu kuhusu ile filamu ya Kihindi, Sholay. Yeye anasema yule jambazi Gabbar Singh anauawa mwishoni, mimi niliona polisi wakimkamata. Mkweli nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyote mko sawa, acheni kununiana. Mwongozaji Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur, yule aliyekatwa mikono, anamuua Gabbar kwa miguu. Lakini mwaka 1975 India ilikuwa katika hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka mtu ajichukulie sheria mkononi. Ndipo polisi wakaingizwa. Ule mwisho wa kwanza ulitoka baadaye. Bila shaka ndio aliouona kakako.

Mimi kinachonimaliza si Gabbar. Ni usiku ule Amitabh Bachchan kakaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na Jaya Bhaduri, anayeigiza mjane, anazima taa moja moja kule roshanini. Hawasemezani hata neno! Na hao walikuwa mke na mume kweli, tangu 1973. Kanda yangu ilichakaa hapohapo kwa kurudishwa nyuma, mpaka mama watoto akaificha rimoti kwenye pipa la mchele.