Kusubu na kufua: jua tofauti kabla hujashika kifaa cha mtu

Kijana akija kujifunza kazi ya metali, swali la kwanza ninalomzoesha mbele ya kifaa chochote ni hili: kimefuliwa au kimesubiwa? Wengi kufua wanakujua. Kusubu hawajapata hata kukusikia, na wanaolifahamu neno lenyewe mara nyingi wamelitoa kwenye Biblia, palipoandikwa "sanamu ya kusubu".

Kusubu ni kuipa metali umbo kwa kuiyeyusha na kuimimina ndani ya kalibu, yaani nafasi iliyotengenezwa kwa umbo la kitu unachokitaka, igande humo. Karakana nyingi siku hizi husema "kuyeyusha" au "kumwaga", na mteja anaelewa. Lakini hizo ni hatua mbili tu za kazi. Kusubu kunaanzia kwenye kuchonga kielelezo, yaani mfano wa kitu chenyewe, kunapita kwenye kushindilia mchanga kukizunguka ili kupata kalibu, kuyeyusha na kumimina, hadi kuvunja kalibu na kukata mabaki. Kufua ni kazi nyingine kabisa: chuma kinapata moto, kinalainika bila kuyeyuka, kisha nyundo inakipa umbo.

Neno lenyewe halina ugumu kulitumia. Fundi anasubu sufuria, sufuria inasubiwa, mteja anasema "nisubie kapi kama hii". Kitu kilichopatikana hivyo ni cha kusubu, na ndiyo maana tunasema chuma cha kusubu, kile cha bloku nyingi za injini, ngoma za breki na cherehani za zamani.

Hapo ndipo ninapolishikilia neno hili. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 1,200 za Selsiasi, na ni rahisi kumimina. Kaboni hiyo hiyo inakifanya kiwe kikavu: hubeba uzito mkubwa, lakini kikipigwa nyundo hupasuka. Springi ya gari ni pua, yaani feleji (steel), chuma chenye kaboni kidogo zaidi. Ipashe moto uifue iwe panga. Ukijaribu hivyo kwa kipande cha ngoma ya breki, utabaki na vipande.

Namna ya kutambua? Tazama kwanza kama kuna mstari mwembamba ulioinuka, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kisha toboa sehemu isiyo na madhara. Pua hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja. Chuma cha kusubu hutoa chenga fupi na vumbi jeusi linalochafua vidole. Kwenye jiwe la kunolea linalozungushwa na mashine, cheche zake ni fupi na nyekundu, wakati za pua ni ndefu na ang'avu.

Ukishajua, utachomelea ipasavyo. Chuma cha kusubu kipashe moto polepole kwanza, tumia vijiti vya nikeli, choma mistari mifupi mifupi, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe taratibu. Ukikimwagia maji, ufa utatokea pembeni mwa pale ulipochoma.

Wazee wetu walizijua kazi zote mbili. Wahaya wa Kagera walipata chuma kwenye tanuri za udongo kikiwa bonge lililochanganyika na taka za mawe, si maji ya chuma, kwa hiyo walikifua. Katanga, kule Kongo, kwa upande mwingine, shaba ilimiminwa kwenye kalibu ikawa misalaba iliyotumika kama fedha. Na siwa ya shaba ya Lamu, ile pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe, ilisubiwa kwa kalibu ya nta: unafinyanga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unalipasha moto nta itoke, kisha metali inaingia palipokuwa na nta. Nakushauri ukaione. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na inaniuma kuona watu wakiipita kama pembe tu.

Ukitaka kuanza kusubu mwenyewe, anza na alumini ya pistoni kuukuu, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Kielelezo kifanye kikubwa kidogo kuliko kitu unachokitaka, milimita 13 hivi kwa kila mita, maana alumini hunywea ikipoa. Epuka kuweka sehemu nene sana ikigusana ghafla na nyembamba. Nyembamba hutangulia kuganda na kuvutana na nene, na ufa huanzia hapo.

Kuhusu maji, tafadhali nisikilize sana. Tone likinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji, na metali inarushwa usoni. Kwa hiyo kipande chochote kipashwe moto kabla ya kuingia kwenye chungu cha kuyeyushia, na kijiko cha kuchotea vilevile. Mchanga wa kalibu ukiubana kiganjani ushikane, na ukiuvunja ukatike safi bila kulowesha mkono. Ukikulowesha, uanike kwanza. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote, suruali ikishuka juu ya viatu, na simama juu ya mchanga mkavu, kamwe si juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu saruji nayo huficha unyevu.