Barua kwa mwanangu: kwa nini vita havina majitu ya chuma

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila mvua haijakatika tangu juma lililopita. Nimepata ujumbe wako unaouliza kwa nini majeshi, pamoja na fedha zao zote, hayaundi maroboti makubwa yenye umbo la mtu, yanayoendeshwa na askari aliyeketi kifuani.

Nakujibu kama mwendesha kijiko (mashine ya kuchimbia udongo) mstaafu: tatizo linaanzia ardhini. Chukua mtu wa kilo 70, umkuze mara 10 kwa urefu, upana na unene. Uzito wake utafika tani 70, yaani mara 1,000, ilhali nyayo zitapanuka mara 100 tu, hivyo kila sentimita ya udongo italemewa mara 10 zaidi. Hapo tumemhesabu mtu wa nyama, wala si wa chuma, na kila apigapo hatua uzito wote unaelemea mguu mmoja. Unakumbuka kijiko changu kilivyotitia kule bondeni ulipokuwa mdogo? Kilikuwa na tani 20 na minyororo mipana badala ya magurudumu, lakini tulishinda siku mbili tukikitandikia magogo ya mkaratusi. Kingekuwa na miguu miwili kingelala kifudifudi, nami ndani yake.

Wajerumani waliuonja uzito huo bila hata miguu. Kifaru chao Maus, kilichojaribiwa mwaka 1944, kilikuwa na tani 188, na kwa kuwa madaraja mengi yasingekihimili, kilibuniwa kivuke mito kwa kupita chini ya maji.

Halafu kuna kimo. Kifaru cha T-72 kina mita 2.2 hivi, makusudi, ili kijifiche nyuma ya tuta. Jitu la mita 17 lingeonekana toka ng'ambo ya mashamba ya chai, na siku hizi droni ya bei ndogo ingelifuata hadi gotini, penye mipira ya haidroliki, ile inayopitisha mafuta ya kusukuma viungo. (Mpira mmoja ukipasuka, mkono mzima wa kijiko unalegea, nimeyaona.)

Wajapani walisimamisha moja la mita 18 huko Yokohama mwaka 2020, likawa linainua miguu mbele ya watalii, lakini kiunoni lilishikiliwa na mhimili wa chuma.

Roboti lililofanya kazi kweli vitani, Iraki na Afghanistani, ni PackBot, ambalo askari hulibeba mgongoni na kulituma likakague mabomu ya kutegwa. Nalo linatembelea minyororo, kama kijiko changu.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako.